Sura ya Nne: Chuo Hiki ni cha Nani?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, wazazi wa Kericho na Bomet huanza kupiga hesabu. Mtoto amepata alama za kuendelea na masomo. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko karibu, nacho ni cha serikali. Chuo Kikuu cha Kenya Highlands kiko Kericho, nacho ni cha binafsi. Anayetaka uuguzi hutazama hospitali ya Tenwek, upande wa Bomet. Hapo ndipo swali huzuka, iwe ni kwenye kituo cha kuuzia majani chai, ndani ya matatu au nje ya kanisa baada ya ibada: hivi vyuo vilivyoanzishwa na wamishonari ni vya nani? Kama ni vya Wamarekani, mbona mzazi analipa karo yote? Na kama ni vyetu, mbona likija suala la kujenga bweni au maktaba bado tunauliza yuko wapi mfadhili wa ng'ambo?

Sura hii inajibu swali hilo kwa kueleza jinsi chuo binafsi kilivyoundwa kule Marekani, kilivyosafiri hadi Afrika Mashariki, na ni viungo gani vyake vilivyofika salama na vipi vilivyobaki njiani. Hoja yangu ni kwamba Wamarekani walileta mitaala, majengo na namna ya kujitawala, lakini hawakuleta fedha za kudumu ambazo kwao ndizo zinazokisimamisha chuo binafsi. Kisheria vyuo hivi ni vyetu. Kilichopungua ni uwezo wa kuubeba umiliki huo, na uwezo huo unaweza kujengwa hapa hapa kwenye nchi ya chai.

Chuo binafsi cha Kimarekani ni kitu gani?

Marekani ilikuwa na vyuo kabla ya kuwa taifa. Harvard kilianzishwa mwaka 1636, zaidi ya karne moja kabla ya uhuru wa nchi hiyo. Vyuo vingi vilivyofuata vilianzishwa na makanisa, mara nyingi katika miji midogo ya mashambani, kwa ajili ya kuandaa wachungaji na walimu. Serikali haikuvianzisha, wala haikuahidi kuvilipia. Kila kimoja kilikuwa na hati rasmi, yaani waraka wa kisheria unaokitambua chuo, unaotaja lengo lake na watu watakaokisimamia. Watu hao ndio bodi ya wadhamini: kundi dogo linaloshika mali ya chuo kwa niaba ya wengine, linaloajiri mkuu wa chuo, na lisiloruhusiwa kugawana faida.

Mwaka 1819 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyoweka msingi wa mambo haya yote. Jimbo la New Hampshire lilitaka kubadilisha bodi ya Chuo cha Dartmouth na kukigeuza kiwe cha umma. Wadhamini wakakataa na kwenda mahakamani. Mahakama ikasema kwamba hati ya chuo, iliyotolewa mwaka 1769 wakati wa utawala wa mfalme wa Uingereza, ni mkataba, na jimbo haliwezi kuubadilisha peke yake. Uamuzi huu unaonekana kuwa wa mawakili, lakini matokeo yake yalikuwa ya kifedha. Tangu hapo, mfanyabiashara aliyetaka kukipa chuo shamba au pesa alijua kwamba zawadi yake haitanyakuliwa na serikali itakayoingia kesho. Bodi ikiwa imara, watoaji hupata imani. Watoaji wakiwa na imani, pesa hukusanyika kizazi baada ya kizazi.

Chuo binafsi cha Kimarekani basi hutegemea mifuko mitatu:

- Karo, yaani pesa zinazolipwa na mwanafunzi au mzazi.
- Michango ya kila mwaka kutoka kwa waliowahi kusoma hapo, makanisa na marafiki wa chuo.
- Hazina ya kudumu, yaani fedha zilizowekezwa ambazo chuo hutumia mapato yake tu bila kugusa mtaji.

Mkulima wa chai ataielewa hazina ya kudumu upesi: unachuma majani mawili na chipukizi, shina unaliacha, na wiki inayofuata unarudi kuchuma tena. Hazina ya Harvard inapita dola bilioni 50, lakini huo ni mfano wa kupindukia. Vyuo vingi vidogo vya Marekani vina hazina ndogo sana, na kadhaa vimefunga milango miaka ya karibuni wanafunzi walipopungua. Kwa hiyo hata kwao wenyewe, muundo huu hausimami kwa karo peke yake.

*Kwa ufupi: chuo binafsi cha Kimarekani kina hati, bodi isiyogawana faida, na mifuko mitatu ya fedha. Bodi hulinda fedha, nazo fedha huipa bodi uhuru.*

Njia tatu za kuvuka bahari

Wamarekani walianza kupeleka vyuo vyao nje katika karne ya 19. Chuo kilichokuja kuitwa American University of Beirut kilipata hati kutoka jimbo la New York mwaka 1863 na kuanza masomo Beirut mwaka 1866. Kwa mfumo huo, madarasa yalikuwa Lebanoni lakini hati na bodi zilikuwa Marekani. Chuo cha Kimarekani cha Cairo kikafuata mwaka 1919. Mpango huo uliwapa wanafunzi shahada yenye jina kubwa, na uliviwezesha vyuo kuchangisha pesa moja kwa moja kwa matajiri wa New York. Hasara yake ni kwamba uamuzi wa mwisho ulikuwa mbali na watu wanaofundishwa.

Nchini Kenya zilitumika njia tatu, na ni vyema kuzitofautisha, kwa maana watu huzichanganya zote chini ya jina la chuo cha Wamarekani. Njia ya kwanza ni tawi. United States International University ilianza Nairobi mwaka 1969 ikiwa tawi la chuo cha San Diego, California. Mwaka 1999 ilipata hati ya Kenya, na hadi leo inatambuliwa pia na chombo cha Marekani kinachokagua ubora wa vyuo. Njia ya pili ni shahada ya kuazima: chuo kinaendeshwa hapa, lakini shahada inatolewa na chuo rafiki cha ng'ambo mpaka chuo cha hapa kipate hati yake. Daystar, iliyozaliwa Bulawayo katika miaka ya 1960 na kuhamia Nairobi muongo uliofuata, ilipitia njia hii kwa kushirikiana na Chuo cha Messiah cha Pennsylvania, kabla ya kupata hati mwaka 1994.

Njia ya tatu ni ndefu kuliko zote, nayo ndiyo ya Kericho. Hapa wamishonari huanzisha shule ndogo ya Biblia. Shule hiyo huwa chuo cha Biblia, kanisa la hapa likakua na kukirithi, kisha chuo kikaongeza masomo mengine na kuomba hati kwa serikali ya Kenya. Chuo kilichopita njia hii hakikuwahi kuwa tawi la chuo chochote cha Marekani. Kilikuwa kazi ya misheni, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tawi lina mama yake wa kumwomba pesa na sifa. Chuo cha misheni kina marafiki tu, na marafiki huzeeka.

Kutoka shule ya Biblia hadi chuo kikuu

Mmarekani wa kwanza kujulikana sana katika kazi ya misheni eneo hili ni Willis Hotchkiss. Alikuwa mmoja wa Waquaker watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Baada ya hapo alihamia upande wa Kericho na kuanzisha misheni yake ya ufundi miongoni mwa Wakipsigis. Neno ufundi katika jina la misheni hiyo lilikuwa na maana ya kifedha pia. Waanzilishi wa misheni za namna hiyo waliamini kwamba kituo kinapaswa kufundisha kazi za mikono na kilimo, na kwa kazi hizo kijipatie sehemu ya mahitaji yake. Wazo la kituo kinachojilisha lilikuwepo basi tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa ukubwa Kericho, na nchi ikabadilika. Miaka ya 1930 walifika wamishonari wengine wa Kimarekani, wa shirika linaloitwa leo World Gospel Mission. Kazi yao ilizaa Kanisa la Africa Gospel, shule za Biblia, na mwaka 1937 kituo cha matibabu cha Tenwek karibu na mto Nyangores. Hawa waliendesha mambo kwa utaratibu tofauti na ule wa misheni ya ufundi. Kila mmishonari alichangiwa na makanisa ya kwao, akaja na riziki yake. Utaratibu huo uliwezesha watu wengi kuja, lakini ulificha jambo moja ambalo vyuo vilikuja kuligundua baadaye. Mwalimu mmishonari hakulipwa na chuo. Mshahara wake haukuonekana kwenye vitabu vya hesabu vya Kericho, kwa hiyo gharama halisi ya kumfundisha mwanafunzi mmoja ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Mmishonari alipostaafu na nafasi yake kuchukuliwa na Mkenya mwenye familia, chuo kililazimika kutafuta mshahara ambao hakikuwahi kuulipa.

Shule za Biblia zilikua zikawa Chuo cha Biblia cha Kenya Highlands. Kwa miongo kadhaa chuo hicho kilitoa wachungaji na walimu wa dini. Wakati huo huo sheria ya nchi ilikuwa ikibadilika. Zamani, mwanafunzi wa Kenya alisoma kidato cha tano na cha sita, kisha miaka mitatu ya chuo kikuu. Mmarekani aliingia chuo moja kwa moja kutoka sekondari, akasoma miaka minne. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shahada ya Kenya nayo ikawa ya miaka minne, na mwaka huo huo sheria ikaunda tume ya kukagua vyuo vikuu. Mlango ukafunguka kwa vyuo vya makanisa. Baraton, cha Waadventista kule Nandi, kikawa chuo binafsi cha kwanza kupata hati, mwaka 1991. Kenya Highlands ikapata yake mwaka 2011. Tangu siku hiyo shahada yake haiazimwi kokote. Inatolewa Kericho chini ya sheria ya Kenya.

Tenwek ilifuata mkondo mwingine. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Mmarekani Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Shule ya uuguzi ilianza mwaka 1987. Mwaka 2008 hospitali ilianza kufundisha madaktari bingwa wa upasuaji kupitia mpango wa Kikristo wa Afrika nzima, na wahitimu hufanya mitihani ya chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chombo cha Waafrika wenyewe. Huko Bomet, mafunzo yamefungamana na hospitali inayohudumia wagonjwa kila siku. Mwanafunzi anajifunza mahali ambapo huduma inaingiza pesa, na bima au malipo ya mgonjwa husaidia kuliendesha jengo lile lile analofundishiwa.

*Kwa ufupi: vyuo vya misheni vya Kericho na Bomet havikuwa matawi. Vilikua vikitegemea walimu waliolipwa kwingine, kisha vikaingia katika sheria ya Kenya vikiwa na hati lakini bila hazina.*

Nani ameketi wapi?

Anayetaka kujua mwenye chuo asitazame rangi ya ngozi ya mgeni rasmi siku ya mahafali. Atazame ni nani mwenye mamlaka ya kuamua. Chuo kikuu binafsi nchini Kenya kwa kawaida kina ngazi hizi:

- Mfadhili mwanzilishi, ambaye kwa vyuo vingi vya namna hii ni kanisa. Yeye ndiye aliyeomba hati na ndiye anayelinda lengo la chuo.
- Wadhamini, wanaoshika ardhi na majengo.
- Baraza la chuo, linalopitisha bajeti na kuajiri viongozi wa juu.
- Seneti, yaani mkutano wa wakuu wa masomo, unaoamua nini kifundishwe na nani afuzu.
- Makamu wa chansela, anayeendesha kazi za kila siku. Chansela ni mkuu wa heshima anayetunuku shahada.
- Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyo nje ya chuo, inayokagua ubora kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012.

Orodha hii inaonyesha damu mbili. Wadhamini wenye uhuru wa kujiamulia ni urithi wa Kimarekani. Chansela, makamu wake na seneti ni urithi wa Kiingereza, uliokuja kupitia Makerere na Nairobi. Mgawo wa mwaka katika semesta, masomo ya jumla kwa kila mwanafunzi na alama zinazojumlishwa muhula kwa muhula ni mambo ya Kimarekani. Muhimu zaidi ni kwamba katika orodha nzima hakuna ofisi ya Marekani. Shirika la misheni linaweza kushauri, kuchangia au kutuma mwalimu, lakini hati ya Kenya inawawajibisha watu walio Kenya. Chuo kikishindwa kulipa mishahara, mahakama itawaita wadhamini wa hapa. Kwa kipimo cha sheria, swali la mzazi limejibiwa: chuo ni chetu.

Mfuko uliobaki ng'ambo

Ugumu unaanzia kwenye ile mifuko mitatu. Karo ilifika. Michango ilifika kwa kiasi, ikitegemea urafiki wa kizazi cha wamishonari ambacho kimezeeka. Hazina ya kudumu haikufika. Sababu yake inaeleweka: Mmarekani mwenye kutoa kanisani kwake Indiana alitoa kwa ajili ya mmishonari anayemfahamu kwa jina, au kwa jengo atakaloona picha yake. Mara chache aliombwa atoe pesa zitakazowekezwa miaka 50 ili mwalimu Mkipsigis apate mshahara. Majengo yakajengwa, na gharama za kuyaendesha zikaachiwa karo.

Karo ya Kericho na Bomet inategemea chai kwa sehemu kubwa. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, kama Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek, Litein au Momul, hulipwa kiasi kila mwezi kwa kilo, kisha hupata bonasi baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni. Bonasi hiyo hufika karibu na Oktoba, na ndiyo pesa kubwa ya mwaka. Wanafunzi wapya wa chuo kikuu huripoti miezi hiyo hiyo. Kwa miaka mingi wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamepata bonasi ndogo kuliko wenzao wa Kirinyaga na Murang'a, na wamelalamika hadharani. Mzazi wa Konoin, Bomet, aliyeahidi kulipa karo kwa bonasi akipata nusu ya alichotarajia, mwanafunzi atalipa nusu. Wakiwa mia kadhaa, chuo kisicho na akiba hakina pa kuegemea, na wa kwanza kuumia ni mhadhiri na mpishi.

Serikali nayo ilionyesha hatari ya kutegemea mfuko mmoja. Kuanzia mwaka 2016, wanafunzi waliofadhiliwa na serikali walipangiwa pia nafasi katika vyuo binafsi, na vyuo vingi vikapata ahueni. Mwaka 2023 mfumo wa ufadhili ukabadilishwa, na ruzuku za serikali kwa wanafunzi wapya zikaelekezwa kwa vyuo vya umma. Uamuzi mmoja wa Nairobi ulizima chanzo ambacho vyuo vilikuwa vimeanza kukizoea. Serikali ilikuwa na haki ya kubadilisha sera, maana pesa ni za umma. Funzo ni kwamba uhuru wa bodi unaolindwa na hati hauna nguvu kama bajeti ya chuo hupinduka kila sera au bei inapobadilika.

Upo mfano wa Marekani unaotufaa kuliko Harvard. Chuo cha Berea kilianzishwa mwaka 1855 katika milima ya Kentucky, eneo la wakulima maskini. Tangu mwaka 1892 hakimtozi mwanafunzi karo ya masomo. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Mwaka 1920 bodi yake iliamua kwamba kila wasia utakaoachiwa chuo bila masharti uingizwe kwenye hazina badala ya kutumiwa. Uamuzi huo, ulioshikiliwa bila kuvunjwa, umeipa Berea hazina inayozidi dola bilioni moja. Utajiri wa Berea ulitokana na kanuni moja iliyoheshimiwa kwa karne nzima. Kanuni ya namna hiyo haihitaji Mmarekani ili iandikwe.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wa kwanza atasema kwamba kuzungumzia zawadi ya wamishonari ni kusahau jinsi ardhi hii ilivyochukuliwa. Ana haki. Mashamba makubwa ya chai yalipandwa kwenye ardhi ambayo familia za Wakipsigis ziliondolewa kwa nguvu, na mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishwa hadi Gwassi. Misheni zilifanya kazi chini ya bendera ya ukoloni wa Kiingereza uliofanya hayo na zilipata viwanja vyao kwa idhini ya utawala huo. Dai la haki ya ardhi lina njia yake ya kisheria na halipaswi kufunikwa na sifa za hospitali au chuo. Lakini dai hilo linaipa nguvu hoja ya sura hii. Taasisi iliyosimama juu ya ardhi ya wenyeji inatakiwa isimamiwe na wenyeji na iwafae. Ikifa kwa kukosa mishahara, hakuna aliyefidiwa.

Wa pili atauliza kwa nini tusiviachie vyuo hivi serikali. Kabianga ilipata hati mwaka 2013, na Bomet ikapata chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2017. Vyuo vya umma ni haki ya wananchi na vinapaswa kukua. Hata hivyo, eneo lenye aina moja tu ya chuo liko katika hatari ile ile ya mfuko mmoja. Mgomo mmoja au kupunguzwa kwa bajeti husimamisha kila kitu kwa pamoja. Aidha, mafunzo ya upasuaji yaliyoanza Tenwek hayakungoja wizara iyapange. Wauguzi na wapasuaji waliofunzwa huko huhudumia wananchi wote, wawe waumini au la, na faida hiyo ya umma ilitoka kwenye bodi ya binafsi.

Wa tatu ndiye mzito zaidi. Atasema: mkulima amechoka kuchangishwa, harambee ngapi zimefanywa na pesa hazikuonekana? Jibu liko katika tofauti ya kanuni. Pesa za harambee huchangwa zitumike, na zikishatumika hakuna cha kukagua. Hazina ya kudumu ina mtaji usioguswa, mkaguzi wa nje na taarifa ya kila mwaka ambayo yeyote aweza kuisoma. Tena watu wa eneo hili wana ushahidi kwamba wanaweza kuweka pesa pamoja kwa muda mrefu. Viwanda vya chai wanavyopeleka majani ni kampuni ambazo wakulima wenyewe ni wanahisa, zilizojengwa kwa mikopo waliyoilipa kwa majani yao. Imarisha Sacco ya Kericho ilianza kama chama cha akiba cha walimu wa Kipsigis. Waliyafanya hayo kwa vipato vya kawaida.

Tuanzie wapi?

Hatua ya kwanza ni ya mabaraza ya vyuo: yapitishe kanuni kama ya Berea, kwamba zawadi na wasia usio na masharti uingie kwenye mtaji, na mtaji usiguswe hata mishahara ikichelewa. Kanuni hiyo itauma mwaka wa kwanza, ndiyo maana inahitaji kuandikwa kabla ya njaa. Hatua ya pili ni ya wahitimu. Mchungaji, mwalimu au muuguzi aliyefuzu hapa akitoa kiasi kidogo kila mwezi kwa hiari, kupitia sacco yake, atakuwa amejenga mfuko ambao wamishonari hawakuujenga. Hatua ya tatu ni ya wafadhili wa nje wenyewe. Wanaotaka kuwaheshimu watu wa Kericho na Bomet waombwe wachangie mtaji badala ya jengo jingine, na wakubali kwamba jina lao halitaandikwa ukutani.

Mzazi anayechagua chuo, na mwanakanisa anayeombwa sadaka, wanaweza kuuliza maswali manne:

1. Nani anaketi kwenye baraza la chuo, na waliteuliwa vipi?
2. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita zinapatikana wapi?
3. Ni sehemu gani ya bajeti inatoka kwenye karo?
4. Chuo kina hazina yenye mtaji usioguswa, na kanuni yake iko wapi kwa maandishi?

Chuo kitakachojibu maswali hayo bila kigugumizi ni chetu kwa sheria na kwa vitendo. Kitakachoshindwa bado ni chetu, na kazi ya kukirekebisha ni yetu pia, kwa maana hakuna mtu San Diego, New York au Indiana mwenye wajibu wa kisheria wa kuifanya. Tuliurithi muundo ulioundwa ili uishi kwa mifuko mitatu, nasi tumeuendesha kwa mmoja. Ule wa pili uko mikononi mwa wahitimu. Wa tatu hautaanza kujaa mpaka baraza la kwanza la Kericho au Bomet liandike kwamba pesa hizi hazitumiki, na mabaraza yatakayofuata yakatae kulifuta neno hilo.